Maji Yaliyopakwa Ukutani

Mtaani walimwita Bi Madumu, kwa kumcheka. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na chini ya meza yake ya kukatia vitambaa, mahali jua halifiki, alipanga madumu manane ya maji ya kunywa. Kila dumu lilifungwa shingoni kipande cha kitambaa chenye tarehe. Kila mwezi alitoa lililokaa kuliko yote, maji yakaenda kupikia na kufulia, dumu likasuguliwa kwa sabuni, likasuuzwa, likajazwa upya na kurudi mwisho wa mstari.

Hakuanza hivyo kwa kupenda. Miaka mitatu nyuma mabomba yalikauka, wakanywa maji ya kisima cha jirani, na binti yake mdogo akalazwa siku nane kwa kuharisha, macho yamedidimia. Walipotoka hospitalini, Bi Madumu aliapa: tena, hapana.

Sasa bomba kuu la mtaa likapasuka. Siku ya pili alifungua dumu, akamimina kwenye glasi ya binti yake. Viluwiluwi. Akafungua jingine: viluwiluwi tena.

"Nani kagusa madumu yangu?"

Mdogo wa mumewe, fundi rangi aliyekuwa akikaa kwao huku akipaka ukuta wa nyumba ya pili, alijikuna kisogo. "Shemeji, nilichukua matano tu, ya kuchanganyia rangi. Bomba la uani lina foleni. Nikarudishia maji ya pipa la mvua. Maji si maji tu?"

"Na vitambaa vya tarehe ukavifunga vilevile?"

"Nilijua utagomba."

"Kumbe ulijua!"

Mumewe akaingilia kati. "Basi, mke wangu. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Usinitolee methali! Haya hayakumwagika, yamepakwa ukutani!" Akaigongesha glasi mezani. "Zile siku nane hospitalini nani alilala sakafuni? Wewe? Ulikuja mara mbili, ukauliza chakula kiko wapi."



Alimwaga madumu matano, akayasugua hadi yakalia, akayatupa mlangoni. "Kila mmoja mawili. La tano mtapokezana. Kuna kisima kule shuleni. Mkirudi mtachemsha wenyewe, na nitasimama hapo nione yakitokota."

Walirudi jua likizama, mabega yamechubuka. Hakuwapa pole. Matatu yaliyosalimika aliyaweka kwa ajili ya binti yake na jirani aliyejifungua wiki ile.

Maji ya bomba yalirudi siku ya sita. Nyumbani mwake hakuna aliyeumwa. Nyumba tatu za mtaa ule zilikuwa na wagonjwa.

Shemeji alipomaliza kazi na kufunga mizigo, alisimama mlangoni. "Shemeji, nisamehe."

Mguu wa Bi Madumu ulikuwa kwenye cherehani, hakuuondoa.

"Nimesikia," akasema, akaendelea kushona.