Mavyaa na Mgombea Wetu

Chama chetu kilipokuwa kikitafuta mtu wa kupeperusha bendera ya urais, mimi nilikuwa mjumbe wa wanawake wa kisiwa cha Amu, na mavyaa wangu, mamake mume wangu, alikuwa akikaa nasi nyumbani. Kabla ya hapo tulikuwa hatupendani sana. Baada ya hapo hatukupendana kabisa.

Mgombea wangu alikuwa anazama. Leo redio itasema mbunge fulani amemkimbia, kesho gavana. Kura za maoni zilimweka wa tatu, nyuma sana. Nikiingia jikoni mavyaa aliipandisha sauti redio, nikitoka, akaishusha.

Nilimfuata mtu yule kwa jambo moja tu. Alipokuja Amu, wanaume wa chama walikuwa wametuweka wanawake nyuma ya jukwaa, kwenye moshi wa jenereta. Alikataa kushika kipaza sauti mpaka tuletwe mbele. Kisha akaniuliza mimi, mwalimu wa chekechea, ninataka nini, akanyamaza hadi nikamaliza. Mwanamume mwingine hajapata kunisikiliza vile, wa siasa wala wa nyumbani.

Mavyaa naye alimjua kwa jambo jengine. Wakati bandari inaanza kujengwa Kililana alikuwa na shamba huko. Mtu huyohuyo, siku hizo waziri, alisimama mbele ya wakulima akawaapia kuwa tingatinga halitaingia kabla hawajavuna simsim. Matingatinga yaliingia simsim ikiwa bado imesimama. Mavyaa alikuwa shambani, na jembe mkononi, akayatazama yakipita.

Nami nilijua hayo. Lakini nilimwambia kuwa waziri hutumwa, na kwamba aliyetia saini amri ile alikuwa mkubwa wake. Nikamweleza na hesabu: kwamba wajumbe wa magharibi walikuwa hawajasema neno, kwamba kura ya mkutano mkuu ni ya siri, kwamba hao wawili waliokuwa mbele hawakuaminiana. Aliendelea kuchambua mchele. Nilipomaliza akasema amenisikia.

Siku ya pili nilikuta leso yangu ya kampeni, ile yenye sura ya mgombea, imekatwa vipande. Mavyaa alikuwa akivitumia kushikia sufuria. Nilimwuliza kwa nini. Akasema alidhani ni tambara.

Mume wangu hakutaka kuingia kati. Alianza kula chakula chake sokoni, akirudi anakwenda moja kwa moja kulala.

Wiki moja kabla ya mkutano mkuu nilialika wajumbe wenzangu wa kike nyumbani, baada ya alasiri. Wengine walitoka Pate, mmoja alitoka mbali, Mkokoni. Tulikuwa na jambo moja la kuamua: tubaki na mtu wetu au tuhame mapema, wakati bado tunatakikana. Nilimwomba mume wangu amtoe mamake akatembee kwa jamaa. Mama alikataa. Wageni walipokwisha kuketi, alishuka na mtandio wake mpya akakaa katikati yao.

Mjumbe wa Mkokoni ndiye aliyeanza. Alisema haoni vipi mtu wa tatu atakuwa wa kwanza kwa wiki moja, na kwamba ukimshika anayezama mwazama nyote. Nilimjibu. Nilijibu vizuri, na nikaona wawili watatu wanatikisa vichwa kukubali. Hapo mavyaa akasema, bila kuinua sauti:

"Nyinyi mwahesabu kura tu. Hata mkimpa nti yote aitawale, hafai."

Kisha akawasimulia ya simsim. Hakuongeza chumvi wala hakulia. Alitaja mashamba ya majirani zake mmoja mmoja, kutoka barabarani hadi kwenye mikoko, na alipofika kwenye lake yule wa Mkokoni alikuwa ameshachukua buibui lake. Wengine wakamfuata, chai ikiwa haijamiminwa.

Waliobaki walinitazama mimi. Nikasema, "Mama, nyumba ni ya mwanao, lakini mkutano ni wangu. Toka."

Neno hilo haliambiwi mavyaa mbele ya watu, wala faraghani. Alisimama, akautengeneza mtandio wake, akapanda juu. Ningelirudia leo pia.

Nilivuka maji hadi Mokowe nikapanda basi la Nairobi na wajumbe wachache, na mume wangu hakuja kunisindikiza. Kwenye mkutano mkuu ikawa kama nilivyosema. Wale wawili wa mbele waligombana juu ya nani awe naibu wa nani, na kila mmoja akawaambia watu wake afadhali wampe yule wa tatu kuliko kumpa mwenzake. Mtu wangu akapata tiketi. Nilishangilia hadi sauti ikakauka. Nilipopiga simu nyumbani mume wangu alisema, "Tumesikia," akakata.

Niliporudi, mavyaa alikuwa amehamia Pate kwa bintiye. Siku chache baadaye nilimfuata, si kwa kutubu, bali kwa sababu majirani walikuwa wameanza kusema. Nilimkuta ukumbini anasuka ukili wa mkeka. Wifi yangu hakunikaribisha kiti, nikasimama.

Nilimwambia mavyaa arudi nyumbani. Nikamwambia pia, kwa sababu sikuweza kujizuia, kwamba alisema mtu wangu hawezi kushinda, na sasa ameshinda.

Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu siku niliyomtoa mbele ya wajumbe.

"Mimi sikusema hatashinda," akasema. "Waliosema hayo ni wenzako. Mimi nalisema hafai. Kushinda hakukumbadili."

Majibu ninayo mengi, lakini wifi alikuwa ameshika mlango akiuweka wazi, na nahodha wa mashua alikuwa ameniambia maji hayangojei mtu. Nikaondoka.

Uchaguzi wenyewe bado uko mbele. Mimi ninazunguka visiwani nikimwombea kura mtu wangu, na Pate nimemwachia mjumbe mwingine. Mume wangu huenda huko kila Ijumaa baada ya sala, peke yake. Akirudi simuulizi habari za mamake, naye hanipi.