Kimeo cha Mwanaisha Hakikatwi

Nilisafiri kwenda Amani kwa sababu moja tu: mama mkwe wangu alikuwa amemwita fundi wa kimeo aje nyumbani kwetu Mabawa, mjini Tanga, na mimi sikutaka mwanangu akatwe. Kwa asiyejua, kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia mwisho wa koo. Kwetu, mtoto akikohoa muda mrefu watu husema kimeo kimerefuka kinamkwaruza, basi huitwa fundi akakipunguza kwa kisu.

Mwanaisha ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Kikohozi kilimwanza pamoja na mvua za masika. Watoto wengine wa nyumba ile waliugua mafua wakapona, yeye yakamng'ang'ania. Pua iliziba hata akinyonya ilibidi aachie ziwa kila mara apumue kwa mdomo. Kifua kilikoroma, ukiweka kiganja mgongoni unausikia mkoromo mkononi. Akishikwa na kikohozi alikohoa mpaka anatapika, kisha ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfanyia.

Kwenye zahanati tuliyozoea walimpima, wakasema dawa hakuna, nikanunue. Miaka ile ilikuwa hivyo. Maduka ya Ngamiani, yaliyokaa rafu tupu kwa muda mrefu, yalikuwa yameanza kujaa tena vitu vya kutoka nje, na kwenye meza moja, kati ya sabuni na kandambili, nikapata chupa ya dawa ya kikohozi. Muuzaji hakuuliza hata mtoto ana umri gani. Nilimpa Mwanaisha, akalala usingizi mzito usio wa kawaida, na alipoamka kifua kilikuwa kimejaa zaidi.

Hapo ndipo mama mkwe alipokata shauri.

"Fundi anakuja kesho kutwa," aliniambia tukiwa tunachambua mchele. "Baba yake Mwanaisha alikatwa, na shangazi zake wote. Hakuna aliyekufa."

"Mama, mtoto wa jirani alivuja damu mpaka akapelekwa hospitali."

"Huyo fundi wake alikuwa mwingine."

"Mimi sitaki."

Akaacha mchele. "Mume wako yuko Pemba kwenye biashara zake. Hapa mkubwa ni nani?"

"Ni wewe, Mama. Lakini huyu nimemzaa mimi."

Asubuhi iliyofuata nilifunga nguo zetu kwenye kanga, nikambeba Mwanaisha mgongoni, nikaenda kumuaga. Sikutaka isemwe nimetoroka. Nilimwambia naenda Amani kwa Dada Mwanahawa, ambaye mumewe alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chai, na huko kulikuwa na zahanati ya wafanyakazi.

"Amani kwenye baridi lile? Unakwenda kumuua mjukuu wangu."

"Tutarudi wawili, inshallah."

Nilitoka kwa mlango wa mbele, majirani wanatazama.

Kutoka Tanga hadi Muheza tulipanda basi, na safari ilikuwa nyepesi. Mwanaisha alikaa wima mapajani mwangu, maana nilikwisha kugundua kuwa akikaa wima anapumua vizuri kuliko akilala chali. Kila aliyemsikia akikohoa alikuwa na dawa yake: mafuta ya nazi na kitunguu, mkojo wa punda, hirizi. Nilishukuru kwa kila moja na sikufanya hata moja.

Muheza ndipo kazi ilipoanza. Siku hiyo basi la Amani halikuwepo, lilikuwa bovu. Kulikuwa na lori tupu linapanda kuchukua mbao, na abiria walikuwa wanapanda nyuma, kwenye turubai lililonuka dizeli. Mbele, karibu na dereva, walikuwa wamekaa wanaume wawili wenye afya zao. Nikaenda dirishani.

"Kaka, nipishe mbele. Mtoto ana kifua."

Dereva alicheka. "Mama, mbele kumejaa. Panda nyuma na wenzako."

"Huko nyuma moshi wote wa lori unaingia. Sipandi, na gari haliondoki."

Nikazunguka, nikasimama mbele ya lori. Dereva akapiga honi, Mwanaisha akashtuka, akaanza kukohoa kile kikohozi chake kirefu, akatapika begani kwangu mbele ya stendi nzima. Mama mmoja muuza machungwa akapaza sauti, "Nyie wanaume, hamna watoto?" Mmoja wa wale wawili akashuka kimya kimya, akaniachia nafasi. Nilimwambia ahsante.

Tulipanda milima mchana kutwa, barabara ya utelezi, miti imefunga pande zote mbili. Hewa ilipoanza kuwa baridi nilimfunika Mwanaisha kanga ya pili, na maneno ya mama mkwe yakanirudia. Hofu nilikuwa nayo, nisidanganye. Lakini kila nilipoifikiria safari ya kurudi, nilikiona kisu.

Amani tulifika jua linazama nyuma ya msitu. Dada Mwanahawa alimpokea mtoto kabla hajanipokea mimi. Asubuhi tukaenda zahanati. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, wa kabila la Wabondei, mwenye sauti ya chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ana nini?"

Nikamweleza yote. Alimfunua kifua, akakitazama kinavyopanda na kushuka huku akiangalia saa yake, akihesabu pumzi. Akamsikiliza mgongo. Akamtazama koo.

"Kimeo chake hakina kosa lolote," alisema. "Na hana nimonia. Ana makamasi, yanashuka kooni na kumsumbua kifuani. Nyumbani mnapikia wapi?"

"Siku za mvua tunapikia ukumbini. Kuni."

"Anapolala?"

"Chumba kinachofuata."

Akatikisa kichwa. Kisha akachemsha maji, akatia chumvi kidogo, akayaacha yapoe mpaka vuguvugu, akamdondoshea Mwanaisha matone puani na kumfuta makamasi kwa kitambaa safi. Mtoto alipiga kelele, akapiga chafya, akafunga mdomo. Akapumua kwa pua.

"Fanya hivi kabla ya kunyonya na kabla ya kulala. Mpe vya kunywa vya uvuguvugu mara kwa mara. Ile chupa ya dukani itupe. Na moshi umwondolee."

"Basi?"

"Basi. Ila akianza kuhema mbiombio, au mbavu zikibonyea ndani akivuta pumzi, au akikataa kunyonya, usingoje hata saa moja."

Nilikasirika. "Mama, nimegombana ukweni, nimegombana na dereva, nimepanda mlima huu wote, unanipa maji ya chumvi?"

Hakuchukia. "Ningekuwa na dawa inayomfaa ningekupa. Ulitaka nikudanganye?"

Nikafanya alivyosema. Tulikaa kwa Dada mpaka Mwanaisha akaanza tena kula na kutembeatembea akishika ukuta. Kikohozi kilibaki, lakini hakikuwa kikimtapisha tena.

Tuliporudi Mabawa alikohoa tukiwa bado mlangoni.

"Huyo!" alisema mama mkwe. "Umekwenda Amani kufanya nini?" Na kesho yake fundi akaja.

Alikuwa mzee mpole, kanzu safi, vifaa vyake kavifunga kwenye kitambaa. Nilimkuta barazani, nikasimama kwenye mlango wa nyumba, mtoto kiunoni.

"Shikamoo, mzee. Karibu chai. Lakini mwanangu hutamgusa."

Mama mkwe akapiga kelele. Mzee akanitazama, akamtazama Mwanaisha.

"Mama mtu akikataa, mimi sikati," alisema. Akanywa chai yake, akaenda zake.

Mimi nilihamisha mafiga uani, nikaezeka mabati mawili makuukuu, nikapika na mvua inanirashia mgongo. Matone ya chumvi nilimtia kila siku, huku watu wa nyumba wakinicheka. Kikohozi hakikuondoka kwa kishindo. Kilipungua, kikarudi kidogo, kikapungua tena, mpaka asubuhi moja baada ya masika nikashtuka kuwa sijakisikia tangu jana yake.

Nilichojifunza ni kwamba kifua cha mtoto kinaweza kuchukua muda wake, na kazi ya mama ni kujua lini kungoja na lini kukimbia. Na kwamba ndani ya nyumba ya watu pia, mwanamke anaweza kusema hapana, na nyumba isianguke.

Mama mkwe mpaka leo anasema ilikuwa bahati. Huwa namjibu, "Sawa, Mama, ilikuwa bahati. Lakini ilibidi mtu aisimamie mlangoni."