Hema la Juu na Ngazi ya Vidato Vinne

Je, bibi yangu alilitaka hema la juu, au aliona kwamba nalitaka mimi? Nimejiuliza swali hili tangu nilipokuwa na miaka ishirini na sita. Sasa mvi zimekwisha kunishika kidevuni, na jibu sina. Nalikiri mapema, mwanangu, usije ukadhani kwamba anayekushauri amekwisha kulimaliza jambo analolisemea.

Juzi ulinijia na picha mbili. Katika moja, hema limekaa juu ya gari mithili ya kofia. Katika nyingine limesimama chini, kando ya magurudumu, limevutwa kwa kamba na vigingi. Ukaniambia unataka kusafiri na mkeo pamoja na mama mkwe wako, ukaniuliza, "Baba mdogo, lipi bora?" Nilicheka, nawe ukazirudisha picha mfukoni, kana kwamba nimekudharau. Sikukucheka wewe. Nilimcheka kijana mwingine, mwenye shahada mpya na pikapu kuukuu, aliyekuwa na jibu la swali hilo kabla hajaulizwa.

Ipo Jumatano moja ya katikati ya miaka ya tisini isiyonitoka akilini. Nilikuwa nimerudi Mombasa baada ya kusomea uhandisi, nimepata kazi, na naishi na Bi Rukia, mama yake mama yangu, katika nyumba yetu ya ghorofa moja Mji wa Kale. Bibi alikuwa amepita sabini. Mdogo wake, Bi Mwanaisha, ndiye pekee aliyebaki hai katika ndugu zake. Alikuwa ameolewa Taveta, na kwa miaka kumi na mmoja hawakuonana. Ikaja habari kwamba Bi Mwanaisha hajiwezi, na siku nyingine majina ya watu humpotea. Bibi hakulia. Aliniambia tu, "Nipeleke nikamwone angali akinijua."

Siku hizo njia ya kutoka Voi kwenda Taveta ilikuwa vumbi na mashimo, na mgongo wa bibi haukuweza kuvumilia kutwa nzima garini. Ilibidi tulale njiani. Gesti hakutaka hata kuisikia. "Shuka ambayo simjui aliyeilalia jana," alisema, "mimi siilalii." Mwatate, mji wa njiani, nilikuwa na rafiki, Mwakio, mwalimu niliyesoma naye, mwenye chumba kimoja, mke, watoto watatu na uwanja mpana. Akatupa uwanja. Basi safari yote ikabaki kwenye hema: bibi akilikataa, hatuendi, na Bi Mwanaisha hakuwa mtu wa kungojewa.

Nikaenda Makadara kwa Mzee Yusufali, mshonaji wa maturubai ya malori. Babu yake alitoka Bara Hindi, lakini yeye mwenyewe hakuijua nchi nyingine ila hii. Zamani kidogo wageni fulani walimletea hema la juu ya gari atengeneze zipu, naye kabla ya kulirudisha akachukua kipimo chake, akajishonea mfano. Alikuwa na hilo, na alikuwa na la chini, refu, la kusimama mtu mzima. Akaniambia nichukue nitakalo, nikirudi nimwambie kasoro zake.

Nilikuwa nimekuja na karatasi. Nilikuwa nimeandika kwamba hema la juu haliingiwi na matope, halifikiwi na nge wala siafu, halihitaji ardhi iliyo sawa, na hukunjuliwa kwa dakika chache. Yote hayo ni kweli hata leo. Mzee Yusufali aliisoma yote, akanirudishia.

"Karatasi hii umemwandikia nani, yakhe? Mwalimu wako?"

Nilitia karatasi mfukoni. Tulifunga fremu ya chuma iliyopita juu ya kichwa cha gari, tukapandisha hema. Hapo ningeweza kulikunja na kulifunika, nikaenda zangu kimya. Lakini nikwambie kweli, mwanangu: nilitaka nionekane. Nililiacha limekunjuliwa, limesimama, nikaendesha polepole kuingia Mji wa Kale baada ya sala ya alasiri, saa ambayo watu wote wamekaa barazani.

Nilifika mpaka chini ya nyumba yetu, hema likanasa kwenye roshani ya jirani. Nilisikia turubai likichanika.

Mzee Athmani, mwenye roshani, alikuwa barazani na kikombe chake cha kahawa. Hakuinuka.

"Simama hapo hapo, Injinia. Roshani hiyo imewekwa na babu yangu. Haitakupisha."

"Samahani, mzee. Sikuipima."

"Miaka minne chuo kikuu," akawaambia waliokaa naye, "kijana akasahau urefu wa mtaa aliozaliwa."

Hapo dirisha letu la juu likafunguka. Hema lilikuwa limesimama sawa na dirisha hilo, mbele ya uso wa bibi, kiasi kwamba hakuhitaji kushuka kulikagua. Alinyoosha mkono akagonga turubai kama mtu agongaye mlango.

"Hodi humu. Nani anakaa?"

"Ni hema lako, bibi," nikamjibu kutoka chini.

"Langu? Mbona mwenyewe ndiyo kwanza naliona." Akachungulia ile ngazi nyembamba ya chuma. "Na nikiamka alfajiri kwenda kutia udhu, nashukaje?"

"Utatupwa na parachuti, Bi Rukia," akasema Mzee Athmani, na baraza zima likacheka. Nami nilicheka, lakini masikio yalikuwa yakiniwaka moto.

Nilirudi kinyumenyume mpaka barabara kubwa, nikaenda moja kwa moja Makadara.

"Nipe la chini," nikamwambia Mzee Yusufali. "Bibi hataki la juu."

"Kasema hataki?"

"Kauliza atashukaje."

Aliitazama ile sehemu iliyochanika, akaipitisha kidole, akachukua sindano. Alizungumza huku akishona, bila kuinua sauti, na kila neno lilinikaa.

"Bibi yako kauliza swali, wewe umesikia jibu. Mwanzo ulimchagulia la juu bila kumuuliza. Sasa wamchagulia la chini bila kumuuliza. Hema unabadilisha, lakini wewe ni yule yule. Rudi ukamjibu mama wa watu."

Nilirudi kwa miguu. Gari nililiacha kwake. Njiani neno lake likaniingia. Nilidhani namhurumia bibi kwa kumshusha chini, kumbe nilikuwa nakwepa aibu ya barazani.

Nilimkuta akizikunja leso alizomnunulia mdogo wake. Nikakaa sakafuni karibu naye, nikamweleza mahema yote mawili. Kwa mara ya kwanza nilitaja na ubaya wa lile nililolipenda: kwamba ndani yake mtu hawezi kusimama, atasali ameketi, kwamba upepo ukivuma linatikisika, kwamba ukitaka kuondoa gari hata kidogo, lazima ulikunje kwanza. Nikamtajia na uzuri wa lile la chini: atasimama wima, atavaa buibui lake bila kuinama, atatoka kwa hatua moja. Aliuliza maswali mengi, mengine ambayo sikuwahi kuyafikiria. Mlango unafungwa kwa ndani? Wewe utalala wapi? Je, nge? Bibi alimwogopa nge kuliko simba.

Kisha akaiweka leso chini. Hakuwa akiniangalia usoni. Alikuwa akiiangalia mikono yangu, iliyokuwa bado na grisi ya kufunga ile fremu.

"La juu," akasema. "Nilipokuwa msichana, joto likizidi, mimi na Mwanaisha tulikuwa tukilala juu ya paa. Tukiwasikia watu wakipita mtaani wakisema siri zao, wasijue tuko juu yao. Nataka nikifika nimwambie nimelala juu tena, tena bila yeye."

"Na ngazi, bibi?"

"Ngazi ya nyumba hii ina vidato kumi na vinane, na kila siku naipanda kwa magoti haya haya. Ile yenu imesimama wima kama mnazi. Nifanyie ngazi ya binadamu."

Ni hapo tu, mwanangu, ndipo elimu yangu ilipopata kazi ya kufanya. Nikaona kwamba fremu haikuwa na haja ya kupita juu ya kichwa cha gari. Ingeweza kukaa nyuma, penye mizigo, na miguu yake ikakatwa hadi hema likae chini ya usawa wa kichwa hicho. Vidato vinne vingetosha. Nilimpigia simu Mzee Yusufali. Akasema nije baada ya sala ya alfajiri, atamwita mchomeleaji.

Nakurukisha kidogo, nikufikishe Taveta. Tulimkuta Bi Mwanaisha anamjua dada yake. Walikaa siku mbili wameshikana mikono. Siku ya pili, bibi alipokuwa amesinzia, nilimuuliza Bi Mwanaisha habari za kulala juu ya paa. Alinitazama kwa mshangao.

"Paa gani, mwanangu? Nyumba yetu ilikuwa ya makuti. Juu walilala kunguru."

Bibi, ambaye kumbe hakuwa amesinzia, akacheka bila kufumbua macho. "Huyu kashasahau," akasema.

Labda ni kweli alikuwa amesahau. Hata jina la mumewe lilikuwa likimpotea. Labda bibi alilitunga paa lile pale pale, sakafuni, alipoiona grisi mikononi mwangu. Nilikuwa na miaka mingine tisa ya kumuuliza, na kila mara nilipofungua kinywa nilikifunga. Sasa hayupo.

Basi shauri langu kwako ni hili. Usiniulize mimi hema lipi bora. Mimi sitalala humo. Mwendee mama mkwe wako, ukae chini kuliko yeye, umweleze yote mawili, na lile unalolipenda wewe ulieleze na kasoro zake, tena kwanza. Akikuuliza swali, lijibu; usikimbilie kuamua anataka nini. Akishachagua, kazi yako ni kuondoa kinachomzuia, uteremshe fremu, upanue ngazi, umwekee kamba ya kushika. Na ukishafanya hayo yote, huenda bado usijue kama alichagua kwa moyo wake au kwa kukupenda. Hilo usilichimbe sana. Mshukuru kwa yote mawili. Mungu akupe safari njema na kurudi kwema, akujaalie wazee wa kuwasikiliza wangali nawe, na siku ukizeeka, akupe kijana atakayekuuliza na kungoja jibu.

Asubuhi ile ya Alhamisi, kabla hatujaondoka, mchomeleaji alikata miguu ya fremu jua halijapanda. Mzee Yusufali alimalizia kuiziba ile sehemu iliyochanika kwa mshono ambao ungeutafuta usiuone, akapigilia ngazi ya mbao pana yenye vidato vinne, akaizungushia kitambaa ili bibi apande kwa sitara yake. Nikaenda kumleta Bi Rukia, naye akapanda akisema bismillahi kwenye kila kidato. Akaingia, akavuta zipu. Mzee Yusufali alinitazama. Nami nilitazama viatu vyangu.

Zipu ikafunguka. Bibi akatoa kichwa. Hakuutazama mtaa wala anga. Alinitazama mimi, kitambo, kama mtu anayetafuta kitu usoni mwa mwingine.

"Umefurahi?" akaniuliza.

"Nimefurahi, bibi."

"Haya," akasema, akanipa mkono nimshushe. "Twende kwa Mwanaisha."