Honi ya Kushoto

Juzi nilikuwa garaji, hapa Kalemie, nikingoja pikipiki yangu. Akaingia papa mmoja na mke wake, gari lao likilia piii! kila usukani unapokatwa kushoto.

Fundi akafungua chini ya usukani, akachomoa nyaya, akatuonyesha fishi inayoziunganisha. Plastiki yake ilivunjika zamani, mtu akaifunga kwa uzi wa nyavu.

"Nani alifunga hivi? Muvuvi?" akauliza, akaweka fishi nzima. Papa akajaribu kukata kushoto. Kimya! Akacheka kwa furaha.

Mama hakucheka. "Papa, kwetu unaingilia kushoto. Ile honi njo inaniambia niweke maji kwa moto, nisonge bukari."

"Kumbe! Na watoto ninaokuta wanasoma?"

"Nao wanaisikia," akajibu mama, akitazama pembeni.

Papa akajishika kiuno, akawaza sana. Mwisho akamgusa fundi begani.

"Fundi, urudishe ile iliyovunjika. Mimi sitaki kujua nyumba yangu iko namna gani bila honi."

Tulimcheka. Lakini jioni ile, kabla sijafika kwangu, nami nilipiga honi tangu kule barabarani.