Harufu ya Mashati ya Bahari

Majuzi mimi na mama tulikodi boti ya starehe, tukaingia Mediterania. Upepo ulipotuletea harufu ya chumvi na mafuta ya kujipaka juani, nilirudi kimawazo kwenye alasiri moja ya mvua, utotoni, kwetu Laeken, Brussels.

Mama, aliyeishi kwa kupiga pasi nguo za watu, alikuwa anapiga pasi mashati ya tajiri mmoja aliyetoka safari kama hiyo, mashati yaliyosuuzwa kwa maji ya bahari tu, mafuta ya juani yakabaki kwenye kola. Mvuke ulipanda na harufu ile ile. Nililala chini ya meza, macho nimefumba, nikielea. Nilidhani tunasafiri wote wawili.

“Maman, tumefika?”

“Bado, mutoto wangu.”

Safari hii, botini, nilimuuliza tena. Mama alivuta pumzi ndefu, akanyoosha kola ya shati langu kwa kiganja.

“Hapa kunanuka kazi,” alisema.