Ngiri yangu, na wote waliotazama mguu

Wakuu, salaam. Hii si hadithi ya kuambiwa. Kovu ninalo, na picha sipandishi, msiombe.

Miaka ya sitini nilikuwa mwalimu Pate, msichana wa bara mwenye digrii mpya na maringo ya kutosha kisiwa kizima.

Asubuhi moja niliamka na uvimbe kwenye kinena cha kulia, kama ndimu, ukiuma hata nikikohoa.

Dresa wa zahanati akasema ni mtoki. Na mtoki, kila mtu anajua, huletwa na kidonda cha mguu. Basi akakagua mguu wangu kidole kwa kidole. Hakuna hata mkwaruzo. Akanipa dawa ya kidonda ambacho hakipo.

Mwenye nyumba wangu, Bi Zuhura, naye akatazama mguu. Majirani pia. Sijawahi kuwa na mguu maarufu vile.

(Kinena hakitazamwi, wakuu. Ni haya.)

Bi Zuhura akapasha chumvi moto kwenye kitambaa, aukande uvimbe urudi ndani. Nikakataa. Akasema elimu imenipa kichwa kigumu. Nikamwambia kichwa hicho kinakwenda Amu, yaani Lamu mjini, kwa daktari.

Alininunia, lakini kwenye mashua ndiye aliyenishikia ndoo ya kutapikia.

Daktari, mtu wa bara kama mimi, naye akaanza na mguu.

"Daktari, mguu ni mzima. Tazama panapouma."

Bi Zuhura akashika leso iwe pazia. Daktari akabonyeza, akasema ni ngiri, imebanwa, na atapasua leo hii.

"Ngiri?" Bi Zuhura akauliza. "Hayo si maradhi ya wanaume?"

Nilichomwa sindano ya mgongo, kwa hiyo nilikuwa macho. Nikamsikia daktari akiguna. Alitarajia utumbo, akakuta kidole tumbo kimejipenyeza humo, kimevimba tayari. Hajawahi kukikuta hapo. Kingekandwa, akasema, kingepasuka. Akakikata, akashona tundu.

Niliporudi Pate, nyumba ilijaa wageni. Bi Zuhura alikwisha kuwaambia ni tumbo tu.

Nikasema kwa sauti: ni ngiri, ya kinenani, na mimi ni mwanamke. Baadhi wakacheka, baadhi wakatazama mkeka.

Walipoondoka, Bi Zuhura akafunga mlango. Nikajiandaa kukaripiwa.

"Mwalimu," akasema, "nami nnayo hiyo ngiri."

Safari hiyo ya pili ya Amu, leso niliishika mimi.

Dada zangu, panapouma ndipo pa kutazamwa. Na anayeona aibu kwa niaba yangu aandike hapa chini. Nipo, nitamjibu.