Mtungi wa Saba Niliougonga Durban

Nilikwenda Durban kwa sababu ya Beatrisi, binti wa mama mdogo, anayefagia ukumbi mmoja wa maonyesho kule Berea. Alinipigia simu Johannesburg, ninakosuka nywele. Huniita Yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya, iko mwanamke wa Korea hapa, anaandika hadithi kwenye mitungi ya kauri. Kuja uone mbele ya maonyesho kufungwa." Mama yangu alikuwa mfinyanzi kule kwetu Uvira. Mtungi ukitajwa, mimi sikai.

Alfajiri ya Jumamosi moja ya mwaka 2013 nikapanda basi. Kabla ya mteremko wa Van Reenen polisi walitusimamisha, na mmoja akaishika karatasi yangu ya ukimbizi muda mrefu mno. Aliisoma mbele, akaisoma nyuma, akanitazama. Aliponirudishia, niliitia mkobani bila kuikunja.

Saa nane mchana Beatrisi alinipokea mlangoni na aproni yake ya kazi. Alinong'ona, "Usiguse kitu, Yaya. Patron anatafuta tu raison ya kunifukuza." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi mtu mzima.

Ndani kulikuwa na mitungi saba mikubwa, myeupe, imepangwa mstari. Wa kwanza ulichorwa nyumba kwa rangi ya buluu. Wa pili, mwanamke amefunga mlango. Kisha njia, kisha mto, kisha umati wa watu na mizigo, kisha mtoto amekaa peke yake. Hakuna aliyenieleza, lakini nililia, maana njia ile niliipita. Wa saba haukuwa na picha yoyote.

Nikajiuliza, huu unasema nini? Kwetu, chungu unachotaka kukijua unakigonga. Sokoni hununui bila kugonga. Kizima kinalia, chenye ufa kinakohoa. Kidole changu kilikwenda chenyewe. Nikagonga, na mtungi ukakohoa.

"Eish, mama! Umefanya nini?" Mlinzi alinidaka mkono. Msimamizi, yule patron wa Beatrisi, akaja mbio, akamulika tochi ndani ya mtungi, akauona ufa. Hakuniuliza mimi. Alimgeukia Beatrisi. "Huyu ni mgeni wako? Vua aproni."

Beatrisi akaivua. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa mkuu nilikuwa mimi, na guu lilikuwa la mdogo wangu. Nilitaka ardhi inimeze.

Msanii mwenyewe akatoka chumba cha nyuma, mama mfupi mwenye nywele za mvi. Hakupaza sauti. Aliugonga mtungi kama nilivyougonga mimi, akasikiliza. Kisha akachukua kidole cha msimamizi na kukipitisha juu ya ufa.

"Laini," alisema kwa Kiingereza cha taratibu. "Ufa wa leo ungekukwaruza. Huu ulipasuka kabla sijaupaka ute wa kioo, ule unaoufanya ung'ae, na kuurudisha tanurini. Nimeuacha makusudi. Bibi yangu alikimbia vita akafika salama, lakini hakusimulia kitu hadi kufa. Mtungi huu ni yeye." Akanitazama. "Wewe umejuaje?"

"Mama yangu alikuwa mfinyanzi," nikasema.

Msimamizi alimrushia Beatrisi aproni yake. Pole hakusema.

Saa kumi na moja tulipanda taxi kwenda Isipingo, anakoishi Beatrisi. Nilikuwa nimejaa maneno ya yule msanii na ukimya wa bibi yake, nikawa nabwabwaja tu. Kwenye robot ya pili, taa za barabarani, Beatrisi akanikatiza. "Yaya, weye ulisikia mtungi. Miye nilisikia kazi yangu inavunjika."

Jumapili nikarudi Johannesburg. Wenzangu wa saluni wananiuliza nimejifunza nini huko. Nimejifunza kwamba msanii anaweza kuuweka ufa wake mbele ya watu, nao wakausifu. Beatrisi hawezi. Yeye inabidi aonekane mzima kila asubuhi, na mimi, dada yake, nilikwenda kumgonga kama mtungi mbele ya patron wake.